Nilimsingizia Mama Mkwe Kwamba Mafuta Yake Yameharibu Maji ya Bwawa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na ukiamua kuichapa barua hii tafadhali ngoja kwanza nikupe ruhusa, maana wifi yangu anausoma ukurasa wako kuliko anavyosoma ujumbe wa mumewe, na akilijua hili kabla sijajipanga sitakuwa na pa kuuweka uso wangu.

Mimi ni mke na mama wa watoto wawili, kazi yangu ni kuoka keki za harusi na za siku za kuzaliwa hapohapo nyumbani, na nyumba tuliyohamia ilikuja na bwawa la kuogelea uani, si kubwa, ukipiga mbizi upande huu unatokea upande wa pili hujakata pumzi, lakini kwa watu tuliokua tukioga kwa kopo lilikuwa jambo la kuwaita wageni waje walione. Mume wangu alitaka tumtafute fundi wa mabwawa awe anakuja kulitunza, mimi nikasema ya nini, mtu anayejua kupima hamira atashindwa na dawa ya maji, na kweli nikajifunza mwenyewe, kwamba klorini ndiyo inayoua vijidudu, kwamba jua linaila klorini, na kwamba kuna unga mweupe unaotiwa ili kuikinga klorini na jua, dukani wanauita stebilaiza. Nilipoutia mara ya kwanza nilistaajabu, klorini iliyokuwa ikitoweka kabla hatujala cha mchana sasa inafika hadi kesho yake, maji yakang'aa mpaka sarafu ikiwa chini unaiona imelalia upande gani. Mume wangu akanipa jina la Daktari wa Maji, akawa ananisifia kwa kila anayeingia getini, na jirani yetu wa nyumba ya kona, ambaye naye ana bwawa, akaja kuniuliza siri yangu, nikamjibu bila hata kufikiri, jua likizidi ongeza unga.

Sifa zinalevya, mshauri. Kila wiki ya jua kali nilikuwa naongeza unga, sipimi, naongeza kwa jicho kama mtu anayeongeza chumvi kwenye mboga, na baadaye nikaacha klorini ya maji nikaanza kutumia vidonge vile vinavyowekwa ndani ya boya linaloelea, kwa sababu havinisumbui, ninaweka na kurudi kwenye keki zangu. Nilikuwa na vikaratasi vya kupimia, unavichovya vinabadilika rangi kwenye visanduku vyake, lakini mimi nilikuwa natazama kisanduku kimoja tu, cha klorini, kikigeuka zambarau roho yangu inatulia, hivyo vingine nilivichukulia kama urembo.

Sasa mama mkwe. Mama mkwe wangu alikuja kukaa nasi kwa sababu ya magoti yake, daktari alimwambia atembee ndani ya maji kila asubuhi, na kwa hilo nyumba yetu ilimfaa kuliko ya mtoto wake mwingine yeyote. Sikufichi, nilipoambiwa anakuja nilinuna, lakini mama yule hana makuu, anaamka, anajipaka mafuta nywele na magoti, anavaa gauni lake la zamani, anashika chuma cha ngazi na kuingia, halafu anatembea ukuta hadi ukuta huku akiyasemesha magoti yake, "Haya, wewe wa kushoto, leo usinitie aibu," nami niko jikoni namsikia kupitia dirishani nacheka peke yangu. Baada ya muda alikuwa anapanda ngazi za baraza bila kushika ukuta, siku moja akanifuata hadi jikoni akiwa amelowa kunionyesha jinsi anavyochuchumaa na kuinuka, maji yakatiririka sakafuni kwangu na sikukasirika.

Kisha maji yakaanza kupoteza nuru. Kwanza yakawa kama yamemwagiwa maziwa kidogo, nikapima, klorini ipo, zambarau kabisa, nikajiambia basi ni jua, nikaongeza unga, wiki iliyofuata kuta zikaanza utelezi, nikaongeza vidonge, nikapima, zambarau, na maji ndiyo kwanza yanageuka kijani. Nilikuwa nasugua kuta kwa brashi mpaka mabega yananiuma na sielewi. Katikati ya hayo ikafika Jumapili ambayo wifi yangu alikuja na wanawe wakiwa wameshavaa nguo za kuogelea ndani ya gari, shemeji yangu naye akaja, wote wakasimama ukingoni wakitazama yale maji, na wifi akageuka akaniambia, "Daktari wa Maji, vipi tena, mgonjwa amekufia mkononi?"

Watu wote wakanitazama, mume wangu akiwemo. Mshauri, ulimi wangu ulitangulia mbele ya akili, nikasema, "Mwulizeni mama na mafuta yake. Kila asubuhi anavyojipaka utadhani anakwenda kukaangwa."

Walicheka. Wifi alicheka mpaka akashika kiti. Mama mkwe alicheka pia, akajitazama mikono, akasema, "Kumbe ni mimi. Nisameheni wanangu, sikujua," na kabla ya jioni watoto walikuwa wameshampa jina la Bibi Mafuta, na mimi mama yao nililisikia nikaliacha lipite.

Tangu siku hiyo hajagusa maji. Asubuhi anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na bwawa akiwa amevaa nguo zake kamili, anayatazama, halafu anarudi ndani, na ngazi za baraza sasa anazipanda akiwa ameshika ukuta kwa mikono yote miwili. Mume wangu alikaa naye faraghani akamwomba kwa upole apunguze mafuta, akidhani anamtetea mkewe, na mama akamjibu, "Nimeshaacha, baba, usijali."

Wiki iliyopita nilichota maji kwenye chupa nikayapeleka kwenye duka la dawa za mabwawa, nikitafuta dawa ya kuondoa mafuta. Muuzaji, mama mmoja mchangamfu, aliyapima, akatazama, akayapima tena, akaniuliza, "Hii stebilaiza unaitia mara ngapi?" Nikamweleza. Akaniuliza natumia klorini gani, nikamweleza habari ya vidonge. Akasema, "Dada, vidonge hivyo vina huo unga ndani yake tayari. Umekuwa unatia kwa mikono miwili. Klorini inaisha, hii haiishi, inabaki inajilimbikiza, na ikizidi inaifunga klorini mikono. Ipo kwenye kipimo lakini haifanyi kazi." Nikamwuliza habari ya mafuta ya mama. Akacheka, akasema mafuta ya mtu mmoja chujio linayapunguza, yakibaki yanaacha mstari ukutani unaofutwa kwa kitambaa, hayageuzi bwawa zima kijani. Dawa ya kupunguza ile stebilaiza hakuna ya kutegemea, alisema, ni kumwaga sehemu kubwa ya maji na kujaza mapya. Nikatoka nikakaa kwenye benchi nje ya duka na chupa yangu mapajani, na nilijua tayari kwamba sitasema.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni la juzi. Nilikuwa naenda kuanika vitambaa vya jikoni nyuma ya nyumba nikamkuta mama mkwe ameinama kwenye beseni, anajisugua mikono na miguu kwa sabuni ya kufulia na ile sponji ngumu ya masufuria, ngozi imemwiva, na nywele amezinyoa. Alishtuka kidogo, kisha akatabasamu kama mtu aliyekutwa akifanya jambo la kitoto, akaninyooshea mkono akasema, "Hebu nishike, mwanangu. Sasa sina hata tone. Hivi naweza kuingia hata siku moja kabla sijaondoka?"

Nilikuwa nimeshatoka dukani, mshauri. Nilikuwa najua kila kitu. Na nilimjibu, "Tuone kwanza, mama, maji bado hayajakaa vizuri," nikaanika vitambaa vyangu nikaingia ndani.

Jumapili hii anahamia kwa shemeji, ambaye anakaa ghorofa ya tatu na ni ngazi tupu. Anasema hataki kuwaharibia watoto bwawa lao. Rafiki yangu mmoja, ambaye ndiye pekee niliyemwambia, ameniambia funika kombe mwanaharamu apite, nisubiri mama aondoke, nimwage maji, nijaze mapya, nianze upya kwa kipimo, hakuna atakayejua na hakuna atakayeumia zaidi ya alivyokwisha kuumia. Na mimi nakiri kwamba mpango huo ninaupenda, nimeshaulizia hata bomba refu la kumwagia, ila kila nikipita karibu na kile kiti cha plastiki najisikia haya mpaka napitia mlango wa mbele. Mume wangu ananiheshimu, wanangu wananiona mimi ndiye ninayejua kila kitu, na wifi atanifanya hadithi ya kila sherehe mpaka nizeeke. Niambie kama naweza kunyamaza nikabaki mtu.

Ni mimi, yule waliyekuwa wakiniita Daktari wa Maji.

MSHAURI ANAJIBU

Daktari, barua yako niliianza nikiwa nimesimama, nilipofika kwenye beseni nikaketi. Pole. Umebeba kitu kizito na umekibeba kwa siri, na mficha uchi hazai, kwa hiyo kuniandikia tu umeshafanya jambo. Pole imekwisha, sasa nikugombeze.

Kuharibu maji si dhambi. Nimemwuliza mtu anayeijua kazi hiyo, akaniambia wanaokosea kama wewe ni wengi. Unga ule ni kama kofia, unaikinga klorini na jua, na kofia moja inatosha. Wewe uliivalisha klorini yako kofia juu ya kofia mpaka zikaishukia machoni, halafu ukashangaa kwa nini haioni vijidudu. Ningekucheka kidogo, nikakusamehe. Ila wewe mwoka keki, hata wewe? Sukari ikishazidi kwenye unga uliokwisha kuchanganywa unaitoaje? Huitoi. Unaongeza unga, maziwa na mayai mpaka uwiano urudi. Hilo unalijua ukiwa usingizini, na ungelifikiria lingekuokoa, lakini ulikuwa umeshapewa udaktari, na daktari haulizi.

Hata ulivyoropoka ukingoni siwezi kukuhukumu sana. Ulitahayari mbele za watu, ukatafuta pa kuitupa aibu yako, ukaitupia mtu ambaye ulijua hatairudisha. Ni vibaya, lakini ni udhaifu wa binadamu. Tatizo langu na wewe ni la nyuma ya nyumba. Mama mzima amejinyoa, amejisugua kwa sponji ya masufuria, ananyoosha mkono ukaguliwe kama sahani, anaomba ruhusa ya kuingia kwenye maji uliyoyaharibu wewe, na wewe unajua, na unamwambia tuone kwanza. Dada yangu, hapo hukukosea. Hapo ulichagua.

Na sasa nikwambie jambo ambalo rafiki yako hakuliona, na nadhani nawe umelikwepa kwa makusudi. Unasema ukimwaga maji akishaondoka hakuna atakayeumia zaidi. Hebu fikiri. Mama anaondoka Jumapili. Wiki moja baadaye maji yanang'aa, sarafu inaonekana chini. Wifi anakuja, anatazama, anasema nini? Anasema kweli yalikuwa mafuta ya mama. Mume wako naye ataamini, watoto wataamini, na mama mwenyewe akiletewa habari huko ghorofa ya tatu ataamini kuliko wote. Leo ni maneno yako tu dhidi yake, na maneno husahaulika. Ukifuata mpango wako, hayo maji safi ndiyo yatakuwa shahidi wa uongo, na hakuna atakayeweza kumpinga. Rafiki yako anakwambia funika kombe mwanaharamu apite. Anayepitishwa hapo ni nani? Ni mama mkwe wako, na mizigo yake na magoti yake.

Kwa hiyo jibu ni hapana. Huwezi kunyamaza ukabaki mtu. Maji umeshayavulia nguo, yaoge.

Fanya hivi. Leo, si Jumamosi, mtafute mama pale alipo, kaa chini kuliko yeye, umwambie kwa maneno mafupi: mama, maji niliyaharibu mimi kwa dawa, si mafuta yako, na nimelijua hilo tangu siku nilipotoka dukani. Sehemu ya mwisho usiimeze, ndiyo inayouma na ndiyo yenyewe. Usianze na zawadi, usianze na keki, usimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Na usilie sana. Ukilia sana ataanza kukubembeleza, kwa jinsi ulivyomweleza ndivyo alivyo, na mtainuka hapo yeye akiwa amefanya kazi yote. Akikasirika, mwache akasirike. Akinyamaza, kaa naye kwenye huo ukimya.

Kisha mwambie mumeo, usiku usiwakute hamjazungumza. Atavunjika moyo kidogo kwa sababu alikutetea kwa mama yake, na anayo haki. Halafu wapigie simu wifi na shemeji waje nyumbani, na hapohapo ukingoni ulipomsemea mama mbele zao, hapohapo ujisemee mwenyewe, watoto wakisikia. Aibu uliyoitoa hadharani huwezi kuirudisha chumbani. Wifi atakufanya hadithi, ndiyo. Itakuwa hadithi ya kweli, utaizoea. Na lile jina la Bibi Mafuta halitakufa kwa kuwakemea watoto. Litakufa siku watakapomsikia mama yao anayejua kila kitu akisema nilikosea, bibi hakuwa na kosa.

Maji yenyewe ndiyo rahisi. Yapime vizuri, safari hii soma visanduku vyote. Usilikaushe bwawa lote, bwawa tupu linaweza kupasuka au kuinuliwa na maji ya ardhini, mwage kama nusu, ujaze mapya, upime, na ikibidi urudie. Weka pembeni vile vidonge na ule unga, tumia klorini ya kawaida isiyo na kinga ndani yake mpaka kipimo kishuke, na usichanganye aina mbili za klorini kwenye ndoo moja, hata kwenye boya moja, ni hatari. Mtu yeyote asiingie mpaka uone sakafu. Na yule jirani wa kona uliyemwambia jua likizidi aongeze unga, mpigie leo hii, kabla naye hajaanza kumtafuta mama mkwe wa kumlaumu.

Ila usianze kumwaga kabla hujasema. Sema kwanza, halafu mbebee mama kile kiti cha plastiki umweke mahali anapoona, ndipo ufungue bomba. Ayaone yale maji ya kijani yakiondoka yeye akiwepo.

Pengine ataondoka hata hivyo. Mtu akishajisugua kwa ajili yako hadi ngozi ikaiva, halazimiki kukusamehe kwa ratiba yako. Kama ataenda, utampandisha wewe hizo ngazi za ghorofa ya tatu, mkono begani, na utamwambia maji yatakuwa tayari wakati wowote atakaotaka. Kama atabaki, utashukuru na kunyamaza.

Na asubuhi ile atakapokubali kuingia tena, chupa ya mafuta ishike wewe. Mpake magoti, yote mawili, taratibu, mpake na kichwa nywele zinapoanza kuota, kisha mshike mkono mpaka awe amekanyaga chini. Ukiona mafuta yameacha mstari ukutani, kitambaa unacho. Futa.